Mtungi Uliorudi Umejaa

Mkuu wa kituo akitaka jambo liishe, hulisukuma faili lake mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza samaki aliyeoza. Asubuhi ile alilisukuma hivyohivyo, likasimama mbele ya Inspekta.

"Nahodha wa tagi anapanda mahakamani kesho," alisema. "Uzembe uliosababisha kifo. Shahidi yupo, maiti ipo, propela ipo. Sasa wewe mama bado unatafuta nini?"

"Kilichomuua marehemu, afande."

"Si propela?"

"Daktari hakuandika propela. Kaandika maji kwenye mapafu, pigo la utosini na mikato ya viganjani. Propela kaileta Profesa."

"Profesa ni mtaalamu."

Hapo Inspekta alifungua faili, maana angefungua kinywa angesema neno la kumpeleka kamati ya nidhamu. Profesa! Mtu hajawahi kufundisha hata chekechea. Alikuwa na duka la vifaa vya kuzamia pale mlangoni mwa gati, boti moja, na mdomo usio na breki. Kazi yake ilikuwa kuwashusha wageni chini ya gati, katikati ya zile nguzo za zege, wakatazame samaki huku juu yao makuli wanashusha saruji. Jina la Profesa alijipa mwenyewe, na watu wakamwachia kwa uvivu wa kubishana.

Juzi mwongozaji wake, waliyemwita Pweza kwa jinsi alivyojua kupenya penye upenyo, alishuka chini ya gati mzima akapandishwa maiti. Profesa aliapa kwamba tagi, lile boti la kuvuta meli lililokuwa limefungwa jirani, liliwasha injini Pweza akiwa chini, propela ikamvuta na kumgonga. Aliapa mara moja tu, kituo kizima kikaamini. Kwa watu wengine sauti nzito ni digrii tosha.

"Una mpaka jioni," mkuu alisema. "Jioni nalifunga."

Nje, kwenye benchi, alikaa mke wa nahodha na chupa ya chai mapajani. Alimwona Inspekta, akasimama.

"Afande, mume wangu hajaulizwa."

"Maelezo yake yamo humu, mama. Na sahihi kaweka."

"Ameambiwa. Kuulizwa ni kitu kingine." Mwanamke huyo hakulia wala hakubembeleza. "Nilikuwa hapa dirishani nasikia. Wao wanamwambia alichofanya, yeye anaitikia. Mwenyewe mpole, ukimpandishia sauti anaitikia chochote. Nimekaa naye, namjua."

Inspekta alikuwa na dharau nyingi kifuani, lakini hakuwa anaigawa ovyo. Huyu mwanamke hakumgawia hata tone. Alimwambia akae, akageuka kwenda mahabusu.

Nahodha alikuwa mtu mfupi, kucha zimejaa grisi, amekaa sakafuni pekupeku kama mgeni aliyefika nyumba isiyo na viti.

"Kwa nini uliwasha injini?" Inspekta aliuliza.

"Profesa aliniita."

"Rudia."

"Alikuwa kwenye jukwaa la chini ya gati, anapunga mikono, anapiga kelele nilete boya. Nikawasha nisogee. Sikuwahi hata kufungua kamba, mara naona ameshamvuta Pweza mwenyewe. Injini ilinguruma tu, propela haikuzunguka."

"Mbona hayamo kwenye maelezo yako?"

Nahodha alitazama vidole vyake vya miguu. "Niliyasema. Yule aliyekuwa anaandika akaniambia nisimwingize Profesa kwenye matatizo yangu."

Inspekta alimjua aliyeandika. Alimweka kiporo, atamla siku nyingine.

* * *

Katika stoo ya vielelezo Koplo alikuwa ameshatandaza vifaa vya marehemu juu ya meza: jaketi lenye mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa kupumulia, geji yake ya kupimia hewa, miwani na mapezi. Koplo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, mwoga wa maji kiasi kwamba hata bafuni alioga kwa kopo. Alikuwa na sifa moja kubwa machoni pa Inspekta, nayo ni kwamba hakujifanya anajua asichokijua.

"Geji inasema mtungi karibu umejaa," Koplo alisema. "Na ndipo Profesa anaposhikia. Anasema haiwezi kuwa hewa. Mtu hafi njaa na ghala limejaa."

"Anakufa, kama ghala lina kufuli." Inspekta aliinama, akashika koki ya mtungi, kile kitasa cheusi kinachokaa nyuma ya shingo ya mzamiaji upande wa kulia. Akajaribu kuizungusha upande wa kufungua. Haikusogea hata unywele. "Nani kaigusa hii tangu ifike hapa?"

"Hakuna. Profesa alimvua marehemu mwenyewe pale jukwaani, tukavifunga kwenye mfuko hapohapo."

Inspekta aliwahi kupita mafunzo ya uzamiaji ya polisi. Aliyachukia tangu siku ya kwanza, na alifaulu kwa hasira tu, kwa sababu mkufunzi alisema wanawake hawana mapafu. Tangu amalize hakuwahi kuutaja ujuzi huo kwa mtu. Lakini mikono haisahau, na mikono yake sasa ilikuwa inamwambia jambo.

"Koplo, nitazame. Pweza alishuka peke yake kwanza, kufunga kamba kwenye nguzo ili wageni wapate pa kushika. Ndiyo desturi yao, si ndiyo? Alikuta kazi, akaifanya, kamba zimekutwa zimefungwa nguzo mbili. Mtu anayefanya kazi chini ya maji anahema kama punda wa mizigo. Sasa mbona hewa haikupungua?"

"Labda alibana pumzi?"

"Labda," Inspekta alisema, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo Koplo hakuongeza jingine.

Akachukua picha za maiti. Mikato ya viganjani ilikuwa midogo, mingi, imeingiliana. Propela haikati hivyo. Propela ikikushika mkono hakubaki kiganja cha kupiga picha. Hiyo ilikuwa mikato ya makombe, wale wadudu wenye magamba makali wanaoganda kwenye nguzo za gati mpaka nguzo inakuwa kama msasa. Pweza, aliyejua nguzo zile kuliko kitanda chake, aliikumbatia moja kwa mikono mitupu. Mtu hafanyi hivyo kwa kuvutwa na propela. Anafanya hivyo anapotaka kupanda juu na hana muda.

* * *

Gati lilikuwa kazini. Kreni ilinyanyua marobota, makuli walipita na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, na kila mtu alimfokea mwenzake bila chuki. Shahidi wa kwanza alikuwa anawasubiri kwenye kivuli cha ghala. Ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya juu, aliyekuja mapumzikoni na kununua safari ya Profesa. Juzi, wakati wenzake wanasubiri zamu zao, yeye alikuwa ameshaingia majini anaelea juujuu, miwani usoni na mrija mdomoni, anatazama samaki wa kwenye nguzo za mwanzo.

"Mimi sizamii, afande, umri huu nitafute nini chini?" alisema. "Naelea tu, naangalia. Nilimwona yule kijana akishuka. Mapovu yalikuwa yanapanda vizuri, makubwa makubwa. Baadaye yakawa madogo. Baadaye nikawa sioni kitu."

"Injini ulisikia wakati gani?"

"Wakati Profesa anapiga kelele, mapovu yameshakatika zamani. Masikio yangu yalikuwa ndani ya maji, na injini ndani ya maji inapiga mpaka kwenye meno. Kabla ya hapo kulikuwa kimya. Nimefundisha darasa la watoto tisini, kimya nakijua nikikisikia."

Koplo alicheka, akajikaza.

"Ulimweleza nani haya?"

"Nilimweleza Profesa, akaniambia nina mshtuko nikanywe soda." Mwalimu alibinua mdomo. "Mimi!"

"Kabla kijana hajashuka, palitokea lolote?"

"Alifokewa tu. Alikuwa ameshuka vipandio viwili vya ile ngazi ya chuma, maji yako magotini, wanatazamana na bosi wake uso kwa uso. Bosi akapitisha mkono juu ya bega lake mpaka nyuma ya shingo. Nikadhani anamkumbatia, kumbe anamsema. Eti hata kufungua mtungi hujui, nani kakupa kazi. Kijana akajibu kitu sikukisikia. Bosi akazungusha zungusha huko nyuma, akampiga kofi la begani, akamwambia shuka, wageni wanasubiri."

Inspekta aliinua mkono wa kulia hewani, akauzungusha taratibu, kwanza kama mtu aliyesimama nyuma ya mwenzake, kisha kama aliyesimama mbele. Akarudia. Mwalimu alimtazama Koplo kwa jicho la kuuliza kama afande ni mzima.

"Asante, mwalimu," Inspekta alisema. "Usiende mbali. Na soda usinywe."

* * *

Duka la Profesa lilijaa picha za Profesa. Profesa na kasa, Profesa na samaki taa, Profesa na wageni waliochoka kutabasamu. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, kifua wazi, mkufu shingoni, na hakusimama.

"Mmekuja tena," alisema. "Mimi nimeshawaambia yote. Propela. Msiba wenyewe nimeubeba mimi, jeneza nimelipa mimi, sasa mnataka na mimi nikamwonyeshe hakimu propela inavyozunguka?"

"Tunataka kujifunza tu, Profesa," Inspekta alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Sisi polisi wa nchi kavu, mambo ya maji hatuyajui. Huyu mwenzangu hata beseni linamtisha."

Koplo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Profesa akalainika papo hapo. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe ukiligonga kwa sifa linavuma zaidi.

"Pweza alikuwa mfanyakazi wa namna gani?"

"Kijana mzuri. Nguvu anazo, samaki anawajua. Ila kichwani…" Profesa alitikisa mkono hewani. "Hawa ukiwaacha peke yao wanakufa. Ndiyo maana mtu haingii majini hapa kabla sijamkagua kwa mkono wangu huu. Kila mtu. Hata angekuwa amezaliwa na papa."

"Na koki mnaifunguaje? Nimeona kile kitasa, nikajiuliza."

"Unafungua mpaka mwisho, halafu unarudisha robo. Ndiyo sheria ya hapa, ukikiuka huna kazi. Ukiiacha imegota mwisho, mwenzako akija kuigusa hajui kama imefungwa au imefunguliwa. Ikiwa imerudishwa robo, inacheza kidogo, unajua iko wazi."

"Pweza naye alikuwa anarudisha robo?"

"Nimemfundisha mimi!"

"Na wewe?"

Profesa alicheka, akamgeukia Koplo. "Anauliza kama mimi narudisha robo. Mama, hii sheria nimeitunga mimi."

Inspekta alitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa. Moyoni alikuwa mbali. Mtungi wa marehemu ulikuwa umefunguliwa mpaka ukagota, bila robo. Pweza asingeiacha hivyo. Profesa akiwa ametulia, naye asingeiacha hivyo. Basi aliyeifungua mara ya mwisho aliifungua kwa haraka, na anayehitaji kufungua mtungi kwa haraka mgongoni mwa maiti ni mtu aliyeukuta haujafunguka. Na aliyemvua maiti alikuwa mmoja tu.

"Kawaida wageni mnawakagulia wapi?"

"Kwenye boti. Wanakaa kwenye benchi wametazama bahari, mimi napita nyuma yao, mmoja mmoja. Navuta kwangu, inafunguka, narudisha robo, naenda kwa mwingine. Hata usingizini naweza. Lakini boti iko juu inapakwa rangi, wiki hii tunashukia kwenye jukwaa, ngazi ya chuma. Unashuka kinyumenyume kama unaingia kisimani."

"Nataka kushuka," Inspekta alisema.

Profesa alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, na wala hakujisumbua kuficha alichokiona. "Wewe?"

"Nikaone mahali alipokwama. Jioni nafunga faili, na hakimu akiniuliza nisije nikaaibika. Nishushe kidogo tu, Profesa. Naogopa, lakini ukiwepo wewe…"

Koplo alikohoa. Aliwahi kumwona bosi wake akimburuta jambazi kwa ukosi, na hakuwahi kumsikia akisema anaogopa. Profesa lakini alikuwa ameshasimama, kifua kimejaa. Alimwonyesha chumba cha vifaa, akaenda kumpigia simu mtu amsimulie kwamba anakwenda kumzamisha inspekta wa polisi. Kicheko chake kilisikika mpaka chumbani.

"Toa simu yako urekodi," Inspekta alimwambia Koplo. Aliufunga mtungi kwenye jaketi, akafungua koki mpaka ikagota, akairudisha robo, akahema mara kadhaa kwenye mpira wa mdomoni. Mshale wa geji haukutikisika. "Umeona? Iko wazi, na hewa inakuja. Sema tarehe na saa kwenye simu yako, halafu usizime mpaka nikwambie."

"Afande, unashuka kweli?"

"Naonekana mjinga, Koplo?"

* * *

Jukwaa la chini lilikuwa kipande chembamba cha zege, limelowa, na ngazi ya chuma ikiingia majini. Chini ya gati maji yalikuwa mazito, ya kijani, na nguzo zilisimama safu safu mpaka macho yakachoka. Juu ya nguzo, kutoka moja hadi nyingine, zilipita boriti nene za zege ambazo maji yakijaa hufunikwa. Mtu akitoka chini kwa pupa bila kutazama juu, kitu cha kwanza kukutana nacho ni boriti, na utosi haushindani na zege.

Mwalimu mstaafu alikuwa amejisogeza, amesimama kando na taulo mabegani. Makuli wawili watatu nao waliacha kazi wakaegemea ukingo juu, maana polisi aliyevaa mapezi si jambo la kila siku.

Inspekta alishuka vipandio viwili kinyumenyume, maji yakamfika magotini, uso umemwelekea Profesa. Alishikilia chuma kwa mikono miwili na kujitetemesha kidogo. Alijichukia kwa mtetemeko huo, lakini aliufanya.

"Profesa, niko sawa?"

"Tulia, tulia, ngoja nikukague." Profesa aliinama mbele yake, akapitisha mkono juu ya bega lake mpaka nyuma ya shingo, akashika koki, akavuta kwake. Ikazunguka. Akavuta tena, ikazunguka. Uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwenzake uchi. "Haa! Mnaona? Mnaona jamani? Hata kufungua mtungi hakufungua! Haya ndiyo mambo ya Pweza haya! Mnataka kufa halafu mseme Profesa!" Alivuta mpaka ikagota, akarudisha robo, akampiga kofi la begani. "Sasa uko wazi. Shuka."

"Ulikuwa umefungwa?"

"Kabisa! Ningekuacha hivyo sasa hivi ungekuwa marehemu."

"Ahsante," Inspekta alisema. Mtetemeko ulikuwa umekwisha, na sauti ya woga nayo ilikuwa imekwenda ilikotoka. Aliinua geji, akaielekeza kwa Profesa. "Nitazamie huu mshale."

Akatia mpira mdomoni, akavuta pumzi kwa nguvu. Mshale ukaanguka. Alipoacha, ukapanda taratibu. Akavuta tena, ukaanguka chini zaidi, na safari hii hewa ilikuja kwa mvuto wa shida, kama kunyonya maji ya dafu kwa mrija uliopasuka. Akavuta mara ya tatu, ya nne. Kila mara mshale ulilala kisha ukanyanyuka. Juu ya gati kreni ilikuwa inalia, na makuli waliinama zaidi ukingoni wautazame mshale.

Inspekta alitoa mpira mdomoni.

"Koplo, nilipotoka chumbani koki ilikuwaje?"

"Wazi yote, afande, imerudishwa robo. Ninayo kwenye simu."

"Na sasa?"

Koplo alisogea na uoga wake wote, akaenda mpaka ukingoni, akanyoosha mkono, akaizungusha upande wa kufunga. Ilikwenda kidogo tu, ikagota. "Ilibaki robo, afande. Robo peke yake."

"Ukiwa nyuma ya mtu," Inspekta alimwambia Profesa, polepole, kwa sauti ile aliyoizoea kumwambia mwizi wa kuku, "ukivuta kwako unafungua. Ukiwa mbele yake, ukavuta kwako, unafunga. Kwenye boti uko nyuma. Hapa kwenye ngazi uko mbele. Mkono wako haujui tofauti, na wewe hukuuliza. Umefunga mpaka mwisho, ukarudisha robo yako ya sheria. Hapa juu hiyo robo inampa mtu pumzi mbili tatu asishtuke. Kule chini, kazi ikimzidi na maji yakimbana, anavuta hapati."

"Hapana," Profesa alisema. "Hapana, ilikuwa imefungwa. Nilisikia mkononi. Ilizunguka sana."

"Ilizunguka sana kwa sababu ilikuwa wazi sana."

Profesa alitazama kiganja chake cha kulia, kisha akatazama makuli kule juu kana kwamba mmoja wao angemtetea. Hakuna aliyemtetea. Mmoja alitema mate majini.

"Ulipomtoa uliikutaje?" Inspekta alipanda kipandio kimoja.

"Mimi sikugusa…"

"Profesa. Mtungi wake niko nao. Umegota mwisho, bila robo. Hapa robo ni sheria, umeitunga wewe. Ulipokuwa unaifungua nyuma ya maiti, mkono ulikuwa na haraka ya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Profesa ilikuwa imeishia kwenye ukingo wa zege. Alikaa chini palepale, juu ya maji, na kile kifua kikashuka kama boya lililotobolewa.

"Nilikuta iko robo," alisema. "Nikajua mtaniuliza. Nikaifungua. Tagi lilikuwa limeshawasha, injini inalia. Nikasema… propela."

"Tagi ulilolipungia mkono mwenyewe lije na boya. Ukampa nahodha maiti yako abebe."

"Nilidhani ni yeye! Nilidhani Pweza mwenyewe kachezea koki huko chini. Mzembe yule, mnajua walivyo…"

"Hatujui. Tuambie." Inspekta alikuwa ameshapanda, maji yanamchuruzika, amesimama juu yake. "Umefanya naye kazi tangu lini?"

"Tangu nifungue duka."

"Aliwahi kusahau kufungua mtungi?"

Profesa alifuta kiganja chake kwenye paja.

"Mara ngapi?"

"Siku hiyo tu," Profesa alisema kwa sauti ndogo.

"Siku hiyo tu. Na mimi leo. Wote wawili tumekuwa wajinga mahali pamoja, kwenye ngazi moja, mbele ya mkono mmoja, na bado hukushtuka. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini sisi wajinga." Dharau aliyokuwa ameibana tangu asubuhi ilimjaa kinywani, na hakuimeza. "Mwalimu hapa anasema ulipomwambia hajafungua, kijana alikujibu kitu. Alisemaje?"

Mwalimu alisogea hatua moja mbele. Profesa alimwona, akainamisha macho.

"Alisema, 'Bosi, nimeshafungua.'"

"Na wewe?"

"Nilimwambia anyamaze."

* * *

Walipofika kituoni jua lilikuwa limelala upande. Koplo alimpeleka Profesa kaunta, akamvua mkufu na mkanda, akamtafutia nafasi kule kwenye chumba kisicho na viti. Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akamwona mtaalamu wake pekupeku, akarudi ndani na kufunga mlango bila kuuliza faili.

Inspekta hakumfuata. Alimtoa nahodha mahabusu, akamweka kwenye kiti, akachana maelezo yake ya zamani vipande vinne mbele ya yule askari aliyeyaandika. Kisha akachukua karatasi mpya na kalamu yake mwenyewe.

"Utaenda nyumbani leo," alimwambia. "Lakini kwanza naomba uniambie, toka mwanzo, kwa maneno yako. Ukiona nakukatiza, nikataze."

Nahodha alimtazama kama mtu aliyeambiwa achague chakula. "Toka wapi, afande?"

"Popote unapotaka. Juzi asubuhi uliamkaje?"

Akaanza kwa kusitasita, akatafuta maneno, akayapata. Alieleza kamba alivyozifunga, chai aliyokunywa, Pweza alivyompungia mkono akipita na mapezi begani na kumtania kwamba tagi lake lina kutu kuliko nanga. Inspekta aliandika yote, hata hilo la kutu.

Nje, dirishani, mke wake alikuwa amesimama na chupa ya chai kwapani. Mwanamke mwingine aliyekuja kumfuatilia mwanawe alimuuliza kuna nini humo ndani, mbona kimya hivyo.

"Nyamaza kidogo, dada," alisema. "Sasa wanamuuliza."